Programu ya Kusoma Iliyokuwa Bubu

Hapo zamani, na wala si zamani za mababu, maana kompyuta zilikwisha kuingia shuleni, palikuwa na mabingwa watatu. Mabingwa ndivyo walivyojiita wenyewe.

Wa kwanza, Pendaeli, aliandika programu ya kuwasomea wasioona yaliyo kwenye skrini. Katika toleo jipya aliifanya sauti kuwa jambo la hiari, la kuwashwa wakati programu inaundwa tu, kisha akaiacha imezimwa. Wa pili, Nsajigwa, kazi yake ilikuwa kuziunda programu za wenzake ziwe vifurushi tayari kusakinishwa. Hii aliiunda kama alivyoikuta, bila sauti. Wa tatu, Mwalimu Mkwizu, alifuta toleo la zamani lililokuwa likisoma vizuri, akaweka hilo jipya asubuhi ya mtihani.

Kokuteta, msichana asiyeona, akaketi, akavaa visikilizi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Mwalimu, hainisomei."

Mkwizu akachungulia skrini. "Mbona maswali yapo? Yanaonekana kabisa."

Mtihani ukafungwa, Kokuteta hajajibu hata swali moja. Akaambiwa arudi mwakani. Alilia mpaka bwenini, akajifungia.

Mkuu wa shule, Bi Mwanakheri, akawaita wote watatu. "Mmoja wenu ataenda kumwambia yule mtoto: mwaka wako nimeupoteza mimi. Nani anakwenda?"

Hapo ubingwa ukawatoka.

"Sauti niliiandika, ipo," alisema Pendaeli. "Niliizima tu ili programu iwe nyepesi. Mfungashaji angeiwasha kwa neno moja."

"Neno lenyewe ulimwambia nani?" akauliza Nsajigwa. "Mimi nina vifurushi mamia. Nikikuta kitu kimezimwa, nakiacha hivyo hivyo. Anayetaka sauti aiunde upya mwenyewe."

Asiyeona aiunde upya, tena kwa mashine isiyomsomea. Na Nsajigwa huyo naye analipwa mshahara.

Mkwizu akakohoa. "Mimi ni mpokeaji tu, Mkuu. Kifurushi kimeandikwa ni cha wasioona. Nilikifungua, kikafunguka."

"Ulivaa visikilizi?"

"Vya nini, Mkuu? Mimi naona."

Basi wakatoka, kila mmoja akimsukumia mwenzake, na mlangoni kwa Kokuteta hakuna aliyepiga hodi mpaka leo. Sasa nyinyi mlionisikiliza, niambieni: aliyeizima sauti, aliyeifungasha programu bila kuuliza, na aliyeiweka bila kuisikiliza, je, nani alistahili kwenda?