Kikombe cha Tabibu Nuumani

Wametufikishia wapokezi wa habari za waja wema kwamba katika mji wa Wasit, ulio baina ya Basra na Kufa, aliishi tabibu mmoja akiitwa Nuumani bin Rabii. Alikuwa mtu wa swaumu na sala za sunna, na maskini alipopiga hodi mlangoni kwake alifunguliwa upesi kama tajiri. Hakuandika dawa ila alitanguliza jina la Mwenyezi Mungu juu ya karatasi. Jirani yake, tena rafiki yake tangu utotoni, alikuwa Sheikh Dhakwani, imamu wa msikiti mkuu, aliyeihifadhi Kurani yote akiwa na miaka kumi. Watu walisafiri siku tatu ili waswali nyuma yake.

Basi Ijumaa moja, msikiti umejaa hadi uani, Sheikh Dhakwani alitoa takbiri akaanza kusoma Alhamdu. Akasoma aya ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, kisha akanyamaza. Watu wakadhani amezidiwa na kilio, maana alikuwa mwepesi wa kulia katika sala. Kimya kikarefuka. Muadhini aliyekuwa nyuma yake akamkumbusha kwa sauti ndogo. Sheikh akageuka, akaipa kibla kisogo, akawatazama waumini safu kwa safu, akauliza kwa upole kama mgeni anayeuliza njia: "Hapa ni wapi?"

Nuumani alikuwa safu ya kwanza. Alisimama pale mikono kifuani. Mtu aweza kupotewa na aya katika sura ndefu, hilo humpata kila msomaji. Lakini Alhamdu, ambayo Muislamu huisoma mara kumi na saba kwa siku, na aliyeisahau ni huyu. Muadhini akasogea mbele akaikamilisha sala, na watu wakatoka bila kutazamana.

Nuumani akamfuata rafiki yake nyumbani. Alimkuta ameketi juu ya mkeka, ametulia, uso mkunjufu.

"Ndugu yangu Nuumani, karibu. Bi mkubwa hajambo? Jana nilipita kwake akanipa tende, nikala mbili."

Mama yake Nuumani alikuwa amefariki miaka minane iliyopita, na aliyeisalia maiti yake ni Dhakwani mwenyewe. Kilichomtisha Tabibu ni kwamba rafiki yake hakuwa akisema uongo. Macho yake yalikuwa ya mtu mkweli kama siku zote. Akili yake ilikuwa imetoboka shimo, na mahali pa shimo ikaweka tende.

Akamchunguza. Mikono ya Sheikh ilitetemeka, na alipoiweka juu ya magoti, magoti nayo yakatikisika. Mboni zilicheza upande hadi upande kama za mtu asomaye mstari usio na mwisho. Weupe wa macho ulikuwa umegeuka manjano, tumbo limejaa maji, na miguu imekonda ikabaki mifupa. Tabibu alipomgusa nyayo kwa ncha ya kalamu, Sheikh hakuhisi kitu. Alipomsimamisha, alitembea ametanua miguu, kama mtu aliye juu ya daraja la kamba.

Mkewe Sheikh, Bibi Lubaba, alikuwa amesimama kando ya mlango ameshika beseni la maji.

"Hali hii ilianza lini?" Nuumani akamwuliza.

"Mwaka wa pili sasa, Tabibu. Kidogo kidogo."

"Anakula nini? Anakunywa nini?"

Bibi Lubaba akainamisha macho. "Chakula hakimwendi. Anakunywa dawa yake."

Nuumani hakuuliza ni dawa gani, na kwa kutouliza huko alijilaumu hadi siku ya kufa kwake.

Habari zikaenea mjini kwamba imamu amerogwa. Sheikh alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Mundhiri, mtu mwenye mapenzi makubwa kwa kaka yake na subira ndogo kwa wengine. Siku ya Jumapili aliingia nyumbani kwa kaka yake, akalipekua sanduku la shemeji yake, na chini kabisa, chini ya nguo za harusi, akakuta kitu kidogo kimeshonewa ndani ya ngozi. Wakatokea na majirani waliosema wamemwona Bibi Lubaba mara nyingi akitoka nje ya lango la mji, akirudi na kitu amekificha ndani ya buibui. Katika mji ule na zama zile, aliyethibitika kuwa mchawi alikatwa kichwa. Mundhiri akampeleka shemeji yake kwa Kadhi pamoja na ile hirizi. Kadhi akamweka mwanamke huyo katika chumba cha nyumbani mwake, miongoni mwa wanawake, akaahidi kusikiliza shauri siku ya Alhamisi. Alipoulizwa, Bibi Lubaba alisema neno moja tu: "Mimi si mchawi." Kuhusu kile kilichoshonwa hakusema kitu. Wala hakuna aliyethubutu kukifungua, kwa hofu ya kilichomo.

Siku ya Jumatano asubuhi Mundhiri alikuja mbio kwa Nuumani. Tabibu alipoingia kwa Sheikh, alisimama kizingitini. Rafiki yake alikuwa amejibanza pembeni, amelowa jasho, akijikung'uta mikono na kifua.

"Watoe, Nuumani. Nge wamenijaa. Wanatoka ukutani."

Ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata buibui. Kisha Sheikh akakakamaa, macho yakapinduka, akaanguka, na mwili ukampigapiga chini mpaka povu likamtoka. Nuumani na Mundhiri wakamshika. Kinywa kile kilichokuwa kikisoma maneno ya Mola wake kilikuwa kimeuma ulimi hadi damu.

"Unaona, Tabibu?" Mundhiri akasema. "Tangu tumfungie yule mwanamke, mashetani yake yamekasirika."

Nuumani alikuwa akijiuliza ni nini kilichobadilika nyumbani mle tangu Jumapili. Hakuona ila jambo moja: mke ameondoka. Na mke alikuwa akimpa nini? Akainuka, akaenda kwa Kadhi, akaomba kuonana na Bibi Lubaba mbele ya mkewe Kadhi.

"Bibi Lubaba, mumeo ana kifafa na anaona nge. Nakuomba kwa haki ya Mwenyezi Mungu, uniambie ni dawa gani ulikuwa ukimpa."

Bibi Lubaba akamwomba mkewe Kadhi asogee kidogo, akasema kwa sauti ya chini: "Mvinyo, Tabibu."

"Imamu wa Waislamu anakunywa mvinyo?"

"Kwa idhini."

"Idhini ya nani?"

"Waliyoikamata wakadhani ni hirizi," akasema Bibi Lubaba, "ni mwandiko wako."

"Wangu?" Nuumani akauliza.

"Miaka saba iliyopita mume wangu alianguka ngazi za mimbari, akaumia nyonga," Bibi Lubaba akaendelea. "Wewe ukamwandikia kikombe kimoja cha mvinyo wa zabibu baada ya sala ya Isha, mpaka maumivu yaondoke. Alikataa siku tatu. Ukamwambia kipimo cha tabibu si ulevi, naye akakuamini. Maumivu hayakuondoka. Kikombe kimoja kikawa hakimtoshi, vikawa viwili, vikawa vya asubuhi. Kila alipoingiwa na shaka aliitaka ile karatasi, akaisoma, akatulia. Nikaishonea ngozi isichakae. Alinitaka nimwapie kwamba sitamfedhehesha, nami nimemwapia."

"Kesho wanaweza kukuua."

"Najua, Tabibu. Lakini kiapo ni kiapo."

Nuumani alitoka pale hajui anakokanyaga. Alikuwa amefunzwa na walimu wake kwamba mvinyo hulegeza mishipa na kuleta usingizi, naye alikuwa ameyaona hayo kwa macho. Alijua pia mafunzo ya Mtume wake kwamba kileo ni ugonjwa wala si dawa. Alikuwa akijiambia kwamba hayo ni kwa walevi, na kipimo ni jambo jingine. Sasa aliona kilichofanywa na kipimo. Kimelifanya ini la rafiki yake kuwa jiwe, kimemla hisia za nyayo, kimepanda hadi kwenye ubongo, kikaenda kuifuta Alhamdu kutoka mahali ilipoandikwa utotoni. Na mwili ule ulikuwa umefanywa mtumwa kiasi kwamba, ulipoachishwa kwa ghafla, uligeuka kumwua mwenyewe.

Akamwomba Kadhi ruhusa ya dharura, mashahidi wawili wakiwapo, amnyweshe mgonjwa kikombe kidogo cha kile mwili wake ulichokizoea, na kukipunguza siku kwa siku. Kadhi akaruhusu bila kuuliza mengi, kwa kuwa alimwamini. Nuumani alipokileta kile kikombe, mikono ya Sheikh ilikidaka kabla Sheikh mwenyewe hajakiona. Tabibu akageuza uso. Baada ya saa moja nge walikuwa wameondoka ukutani.

Alhamisi watu wakakusanyika. Kadhi alikuwa mzee mwenye busara, asiyependa damu. Alimwita Nuumani karibu akamwambia taratibu: "Tabibu, wewe ni mwadilifu. Ukiapa kwamba Sheikh ana maradhi ya mwili na si uchawi, nitamwachilia mwanamke huyu, na kitu hiki nitakichoma moto kama kilivyo, kisifunguliwe."

Nuumani akautazama ule mfuko wa ngozi mkononi mwa Kadhi. Angeapa, naye asingekuwa mwongo. Bibi Lubaba angerudi nyumbani, Dhakwani angebaki na heshima yake, na yeye angebaki Tabibu Nuumani. Nafsi yake ilimwambia kwamba hata sitara ni ibada. Akakaribia kufungua kinywa. Hapo akawakumbuka wengine. Katika miaka ile alikuwa amewaandikia kikombe kile kile watu kumi na mmoja, mmoja kwa mgongo, mwingine kwa kukosa usingizi, mwingine kwa huzuni ya kufiwa. Walikuwa katika nyumba zao, na juu ya karatasi zao palikuwa na jina la Mwenyezi Mungu.

"Kifungue, ewe Kadhi," akasema. "Kisomwe mbele ya watu."

Bibi Lubaba, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema: "Tabibu, usifanye hivyo."

"Wewe umetimiza kiapo chako, Bibi Lubaba. Hili ni langu."

Kadhi akakata uzi, akakunjua karatasi, akasoma. Alianza kwa sauti kubwa kama asomavyo kila hati, na alipomaliza jina la Mwenyezi Mungu na kulifikia neno lililofuata, sauti ikamkatika. Akayamaliza yaliyobaki kwa kunong'ona. Nuumani akasimama akaeleza yote, kutoka ngazi za mimbari hadi nge wa ukutani.

"Sheikh Dhakwani si mlevi," akasema. "Alimwamini tabibu wake. Mchawi mnayemtafuta ndiye huyu aliyesimama mbele yenu."

Mundhiri alikaa chini, akaficha uso kwa mikono miwili. Hakuna aliyemtukana Nuumani, na hilo lilikuwa zito kwake kuliko matusi.

"Nihukumu, ewe Kadhi," akasema.

"Mwanamke huyu yuko huru," Kadhi akajibu. "Ama wewe, nenda kwanza kwa hao kumi na mmoja. Ukirudi ndipo uniulize."

Akaenda, nyumba kwa nyumba. Saba walikuwa wameacha zamani, wakapona maradhi yao. Watatu aliwakuta wanatetemeka, akaanza nao kidogo kidogo kama alivyoanza na Sheikh. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mfua shaba. Binti wa mfua shaba alimfungulia, akamwambia baba yake alifariki mwaka jana, amevimba tumbo, ametapika damu. "Alikuombea dua hadi mwisho, Tabibu," akasema yule binti. "Alikuwa akisema dawa yako ndiyo pekee iliyompa raha." Nuumani aliketi kizingitini pa nyumba ile mpaka adhana ya Alasiri.

Hakurudi tena kuandika dawa ya aina ile, na alipowafundisha matabibu wengine alianza kwa kuwasimulia kosa lake, jina lake na majina ya wagonjwa wake, bila kupunguza.

Na Sheikh Dhakwani aliokoka. Baada ya miezi kadhaa, mitetemeko ilitulia, macho yakawa meupe, tumbo likapungua, akaweza kutembea hadi msikitini akiwa ameshika ukuta. Lakini kumbukumbu haikurudi. Alimjua mkewe na rafiki yake, na ya utotoni aliyajua mengine. Ya jana hayakukaa kwake. Hakujua kamwe kwamba Bibi Lubaba alifungwa kwa ajili yake. Kila asubuhi bibi huyo aliketi mbele yake akamsomea Alhamdu aya kwa aya, naye akaifuata, akistaajabu uzuri wake kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza.

Nuumani naye alikuja kila siku baada ya sala ya Alfajiri. Aliketi, akamweleza rafiki yake alilomtendea, lote, akamwomba msamaha. Sheikh alikuwa akisikiliza kwa mshangao, akilia kidogo, kisha akimshika mkono akimwambia: "Nimekusamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, ndugu yangu." Kesho yake alikuwa amesahau. Nuumani akaja tena, akaanza upya. Siku moja Bibi Lubaba akamwambia: "Tabibu, amekwisha kukusamehe mara mia. Jipumzishe."

Nuumani akasema: "Yeye ndiye asiyekumbuka, Bibi Lubaba. Mimi nakumbuka."

Akaendelea hivyo miaka minne, mpaka Sheikh alipofariki, Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Enyi ndugu zangu katika imani, mja hupewa akili mara moja tu, na hakuna fundi wa kuishona ikitatuka. Tumezoea kumwogopa mlevi anayeanguka barabarani. Kisa hiki kinatutaka tukiogope hata kikombe kinacholetwa kwa adabu, kwa hati nzuri, na mtu tunayempenda. Na anayejua kwamba mkono wake ndio ulioandika, asingoje kuulizwa. Mola wetu atuhifadhie akili zetu mpaka siku tutakapomsomea Alhamdu ya mwisho.