Shingo ya Nyundo

Ulimi hauna mfupa, ndiyo maana huteleza upendavyo. Waliotuusia tusiwatukane wakunga na uzazi ungalipo waliona jinsi binadamu anavyombeza mtu asiyemhitaji leo, kana kwamba kesho ameiweka mfukoni. Usia huo Nyundo aliusikia tangu utotoni, ukaingilia sikio hili na kutokea lile.

Nyundo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Alicheza raga katika klabu kongwe kuliko zote jijini, iliyoanzishwa na mafundi wa karakana ya reli miaka thelathini na sita iliyopita. Hakuna aliyelipwa. Wachezaji walitoka kazini na grisi kwenye kucha, wakabadilisha nguo ndani ya behewa bovu, wakaingia uwanjani. Wakiumia, waliangukia mikononi mwa muuguzi mstaafu waliyemwita Mama Plasta.

Mwaka walipofika fainali, Nyundo aligongwa kichwa dakika ya kumi. Alipoamka aliuliza wanacheza na nani. Mama Plasta akaamuru atolewe. Nyundo alibisha, akabembeleza, akatukana, hakurudishwa. Wakafungwa kwa pointi mbili.

Kwenye mkutano wa klabu, Nyundo alisimama mbele ya wote.

"Raga ni mchezo wa wanaume," alisema. "Huyu bibi akawapanguse watoto kamasi. Kwenye timu yangu hatakanyaga."

Watu wakainamisha macho. Mama Plasta akaomba mkutano uendelee. Wiki hiyohiyo Nyundo aliondoka na wachezaji kumi na wanane, akaanzisha klabu upande wa pili wa jiji. Walitafuta jezi, mipira na uwanja. Mtu wa huduma ya kwanza hawakumtafuta. Nyundo alidai ndoo ya maji inatosha.

Msimu wa pili klabu hizo zilikutana. Mashabiki walifurika, na wachezaji waliokula sahani moja zamani hawakusalimiana. Zikiwa zimebaki dakika chache, timu ya Nyundo ikiongoza, refa aliita skramu. Watu wanane wakafungana mabega dhidi ya wanane, Nyundo katikati ya mstari wa mbele. Wakasukumana. Mguu wa mtu ukateleza, na rundo lote likaporomoka juu ya Nyundo.

Alisikia kitu kikialika shingoni kama kijiti kikavu. Walipoinuka juu yake, aliona mawingu. Alijaribu kukunja ngumi. Mikono haikumtii, ikawa kama ya mtu mwingine. Hapo jasho jembamba likamtoka.

Shemeji yake, dereva wa teksi, alikuwa wa kwanza kufika. Alisema akalishwe apate hewa, akapitisha mikono kwapani mwake.

"Msimguse."

Sauti ile Nyundo aliijua. Mama Plasta alikuja akihema, akapiga magoti matopeni, akakishika kichwa chake kwa viganja viwili.

"Ukinisikia, fumba macho mara moja," alimwambia.

Nyundo akafumba.

Gari la wagonjwa lilipigiwa simu. Likakwama kwenye foleni. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mvua ikaanza. Shemeji hakuvumilia, akaleta pikapu hadi katikati ya uwanja na kuwaita wenzake wampakie.

"Akipandishwa hapo, hatatembea tena," Mama Plasta alisema bila kuinua uso.

"Na akifia hapa, mama?"

"Nitajibu mimi. Lakini kichwa hiki sikiachii."

Shemeji alisimama, roho mkononi. Akazima gari. Wachezaji wa timu zote mbili wakaleta makoti yao na kuyatandaza juu ya wale wawili kama paa. Mikono ya mama yule ilianza kuchoka. Manahodha wawili wakaja kumshikilia viwiko, huyu huku, huyu kule.

Nyundo aliyaona yote akiwa chini. Machozi yalimtoka, yakachanganyika na matone ya mvua.

"Mama, nilikukosea..."

"Nyamaza. Ukiongea, kidevu kinacheza."

Akanyamaza. Hakuwahi kumeza neno zito kama lile.

Dakika ya arobaini na tano gari likafika. Hospitalini, daktari alimwambia mfupa wa shingo umevunjika, na kipande chake kimesimama upana wa ukucha kutoka kwenye mshipa mkuu wa fahamu. Kama wangemkalisha tu, angebaki kitandani maisha yake yote. Siku ya tatu kidole gumba kilicheza. Mwezi wa tano alitembea bila kushikwa, ingawa raga ndiyo ilikuwa basi tena.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa mkutano wa klabu kongwe. Aliomba nafasi ya kusema.

"Nilimtukana mama huyu hadharani," alisema, "na siwezi kumwomba radhi kwa kumnong'oneza. Mama, nisamehe."

Mama Plasta akamwambia alimsamehe palepale matopeni. Kisha akauliza ni nani wa klabu mpya atakayekuja kujifunza kazi ile, maana yeye ni mmoja na viwanja ni vingi. Nyundo akajitaja mwenyewe.

Leo ndiye anayepiga magoti kando ya wanaoanguka, na kijana akimjia juu kwa kutolewa uwanjani, humwachia atukane mpaka achoke, kisha humwambia kwa upole: usitukane wakunga na uzazi ungalipo.