Kiti cha Sikudhani

Kilichofunguliwa hakijavunjika. Ndivyo alivyosema shangazi yenu Mwantumu jana jioni, aliposhusha mizigo yake hapa na kuwakuta mmekwisha kuubeba ule mzigo wake wa mbao kuupeleka jikoni kwa kuni. Hakuwagombeza. Alisema maneno hayo tu, akaingia ndani akalala. Leo tangu asubuhi mnanizunguka, Bibi maana yake nini, Bibi ilitoka wapi, na huku chai yangu inapoa. Basi kaeni. Mwenye kazi akaifanye kwanza, maana nikianza sirudii.

Methali hii ilianzia kwa mwanamke mmoja na kiti chake, huko Kwembago, juu kabisa milimani, alikozaliwa bibi yangu. Yeye aliyaona kwa macho yake, na mimi nimeyapata kwake.

Kwembago ulikuwa mji wa maseremala. Mtoto wa huko alijua kushika randa kabla ya kushika kijiko, au ndivyo walivyojisifu wenyewe, na watu wa Kwembago kwa kujisifu hawajambo. Viti vyao vilisifika mpaka bondeni. Walivipiga misumari, wakavitia gundi ya ngozi ya ng'ombe, na walikuwa na msemo kwamba kiti kikishafungwa kimefungwa, kama maiti na kaburi lake. Msemo wenyewe mnausikia ulivyo. Watu wanaofananisha kiti na maiti hawawezi kuwa na furaha ya kweli.

Tatizo lao lilikuwa njia. Wateja wote walikuwa chini, kwenye stesheni ya treni, na kutoka Kwembago hadi huko palikuwa na njia moja tu ya miguu, yenye kona na mawe na utelezi. Mpagazi alijitwika kiti kimoja kichwani, miguu juu, akashuka nacho kutwa nzima. Kikigonga mwamba, mguu umekwenda. Akiteleza, kiti kimekwenda na mgongo wake pia. Viti vingi vilifika vikichechemea, na mafundi walisema kosa ni la wapagazi.

Sasa sikilizeni sheria yao, maana ndiyo yenye kisa. Kila fundi alikuwa na kiti chake ndani ya karakana kuu, alichokitengeneza kwa mkono wake, na kiti hicho ndicho kilichomfanya aitwe fundi. Akiivunja miiko ya kazi, kiti chake hutolewa nje, hupinduliwa juu ya kizingiti miguu ikitazama mbinguni, na mkuu wa mafundi hukipiga pigo moja kwa nyundo ya mti, pale mguu unapokutana na kikalio. Nyundo, si shoka. Shoka, walisema, ni la kuni. Kiti kikishavunjika, mwenyewe hashiki tena randa Kwembago mpaka anakufa. Bibi yangu alimjua mwanamume mmoja aliyevunjiwa kiti. Aliishia kuchoma mkaa, na hakuna aliyemwita fundi tena, hata kwa utani.

Katika mafundi hao alikuwapo mwanamke mmoja tu, Sikudhani, binti wa Fundi Shekivuli. Baba yake hakujaliwa mtoto wa kiume, wala hakuona taabu iko wapi. Alimfundisha binti yake msumeno, patasi na randa, na alipokwisha kujua, akampeleka karakana na kiti chake kichwani, akakiweka mstarini pamoja na vya wengine. Watu waliguna. Lakini Shekivuli alikuwa mtu wa kuheshimiwa, wakanyamaza.

Alipofariki, midomo ikafunguka. Mkuu wa mafundi wakati huo alikuwa Mzee Shemweta. Alikuwa fundi hasa, sitamnyima haki yake, lakini shingo yake ilikuwa ngumu kuliko mninga. Wapagazi wote walikuwa chini ya amri yake. Matanga yalipokwisha, alimwambia Sikudhani kwamba wapagazi ni wa wanaume, na kama anataka kuuza viti ashuke navyo mwenyewe. Alidhani amemaliza maneno. Nyumbani kwa Sikudhani kulikuwa na mama asiyeona vizuri na wadogo zake, wote wakimtazama yeye na mikono yake. Asipouza viti, hawali.

Akashuka na kiti kimoja kichwani. Karibu na kijito cha mwisho kabla ya stesheni akateleza, mguu wa kiti ukakatika. Akapanda nacho mlima huo huo, shingo imemvimba, akakiweka mbele yake akakitazama. Alikasirika. Hasira nyingi ni hasara, lakini ile ilikuwa na akili ndani yake. Alitazama pale mti ulipochanika, akaona umechanika kwenye msumari. Mti wenyewe haukuwa na kosa. Ulipogongwa ulitaka kuachia, na msumari ukaukatalia.

Akajifungia ndani akafanya kazi. Alipotoka alikuwa na kiti kisicho na msumari hata mmoja wala tone la gundi. Mbao za kushikilia kikalio alizichonga ndimi, na ndimi zile zilipita kwenye matundu ya miguu zikatokeza upande wa pili. Kila ulimi nao ulikuwa na kitundu, na humo alipachika kabari ndogo ya mti mgumu, ikiingia kutoka juu kwenda chini. Ukikaa, kiti kinajikaza. Ukitaka kukifungua, unakipindua miguu juu, unaigonga kabari kwenye ile ncha yake nyembamba, inaruka, na kiti chote kinaachia vipande vyake. Unavifunga kamba. Viti vinne vinakuwa mzigo mmoja wa kujitwika. Hilo la kupindua na kugonga lishikeni vizuri.

Alipofika stesheni na mzigo wake, Bwana Saburi, mwenye mkahawa, alimcheka. Alimwambia alikuwa akingoja viti na si kuni, kama ninyi hapa, msijifanye hamnisikii.  Sikudhani aliutua mzigo, akavua mtalawanda wake mmoja, kile kiatu cha mti walichovaa wanawake, akaanza kugonga kabari kwa kisigino chake. Watu waliokuwa wakinywa kahawa walisimama kutazama. Kahawa haijapoa, viti vinne vimesimama, havichechemei. Bwana Saburi alikalia kimoja, akajitikisa kwa nguvu zake zote, naye alikuwa mtu wa mwili. Kiti hakikulia hata kidogo. Palepale akaagiza vya mkahawa mzima.

Habari hupanda mlima haraka kuliko mtu. Wateja wa bondeni wakaanza kuuliza viti vya Sikudhani, vile vinavyofika vizima. Mafundi wa Kwembago wakaona wivu, ila wivu hauna uso wa kujionyesha, ukavaa kanzu ya heshima. Wakasema kiti kinachofunguka ni kiti cha uongo. Wakasema anaidhalilisha kazi ya wazee. Mzee Shemweta akamwita barazani na kumpa masharti: kuanzia siku hiyo apige misumari na kutia gundi kama wenzake, au kiti chake kitatolewa kizingitini. Akamwachia mpaka Ijumaa afikiri.

Mama yake alimsihi akubali. Alimwambia mkono usioweza kuukata, ubusu. Sikudhani alimjibu kwa heshima kwamba mikono ya kubusu angeibusu, lakini huo unataka kuikata ya kwake. Bibi yangu alikuwa jirani, na alisema usiku ule hapakusikika kilio nyumbani kwao. Ilisikika randa tu.

Ijumaa watu walijaa mbele ya karakana. Wengine walikuja kwa huruma, wengine kwa umbea, na wengi hawakujua wamekuja kwa lipi. Kiti cha Sikudhani kilitolewa. Hakikuwa tena kile alichokuja nacho siku za baba yake. Mafundi wa siku nyingi waliruhusiwa kubadili viti vyao wanapozidi kuiva katika kazi, na yeye alikuwa amebadili, ameweka kile cha kabari. Hakuna aliyejali. Kiti ni kiti, wote walisema, na nyundo ni nyundo.

Mzee Shemweta alisimama kizingitini, nyundo mkononi.

"Binti Shekivuli, nakuuliza mara ya mwisho mbele ya watu. Utapiga misumari?"

"Sitapiga, mzee."

"Unajua utakachokuwa ukitoka hapa?"

"Najua nilichokuwa nikiingia. Piga."

 Mzee akakipindua kiti miguu juu, kama sheria inavyotaka. Akainua nyundo, akapiga pale mguu unapokutana na kikalio, kama sheria inavyotaka. Na pale, wajukuu zangu, ndipo ilipokuwa ncha ya kabari. Ikaruka ikaangukia miguuni mwa watu. Mtikisiko ukalegeza nyingine, mguu mmoja ukatoka, ukafuata wa pili, na kiti kizima kikajimwaga chini.

Watu wakaguna. Mama yake Sikudhani, ambaye hakuona vizuri lakini alisikia, alijifunika uso kwa kanga. Mzee Shemweta akatangaza kwamba kiti kimevunjika, na Sikudhani si fundi tena Kwembago. Akageuka kuingia ndani.

Sikudhani hakulia wala hakuomba. Alipiga magoti, akaokota kipande kimoja kimoja, akakifuta vumbi kwa kanga yake na kukiinua juu watu wakione. Hapakuwa na ufa. Aliokota ulimi akauinua. Mzima. Akamwomba msichana mmoja amrudishie ile kabari iliyorukia kwake, naye akampa. Halafu akavua mtalawanda wake. Ule mlio wa mti kwa mti ulimfanya Mzee Shemweta asimame, hatua chache ndani ya karakana, mgongo bado umegeukia watu. Alipogeuka, kiti kilikuwa kimesimama palepale kizingitini, na mwenyewe amekikalia, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, na mzee hawezi kutoka bila kumwomba njia.

"Kilichofunguliwa hakijavunjika, mzee," alisema. "Umekifungua tu. Ahsante kwa kunisaidia."

Mzee akainua nyundo tena. Wenzake wakamkumbusha kwamba sheria ni pigo moja. Akaita shoka. Hapo fundi mmoja mzee, Hoza, ambaye kule juu ndiye aliyeanza kuviita viti vile kuni, alimshika mkono. Alimwambia polepole kwamba shoka ni la kuni, na akikipiga kiti kile kwa shoka, Kwembago yote itajua kwamba sheria yao imeshindwa na mwanamke mwenye kiatu kimoja. Mzee Shemweta alitazama watu. Wengine walikuwa wameanza kucheka, si kwa sauti, lakini alijua wanamcheka nani. Akaiweka nyundo chini.

Mnadhani walimbembeleza arudi mstarini? Hoza alijaribu. Alimwambia nafasi yake ipo na kiti chake kirudi ndani. Sikudhani akainuka, akakipindua kiti miguu juu mwenyewe, akagonga kabari moja baada ya nyingine kwa utaratibu, akavifunga vipande vyake kamba. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma kwamba anaondoka kwa miguu yake, na kwamba kiti chake hakikuvunjwa na mtu. Kisha akamshika mama yake mkono, akawaita wadogo zake, na wote wakashuka mlima mchana kweupe, wakipita katikati ya watu. Kule stesheni alifungua karakana yake. Mlangoni aliweka kiti kimoja, na yeyote aliyetaka kujifunza, mwanamume au mwanamke, mtihani wake wa kwanza ulikuwa kukifungua na kukisimamisha. Hata vijana wa Kwembago walishuka kwake baadaye, wakipita njia ya porini wazee wasiwaone. Mzee Shemweta alipiga misumari mpaka siku yake ya mwisho. Viti vyake vilikuwa vizuri sana, ukivikalia hukohuko juu.

Haya, mmesikia. Sasa lile lililowaleta.

Kile mlichokipeleka jikoni ni kiti cha shangazi yenu. Nilimpa mimi siku aliyoolewa, kimetengenezwa kwa mtindo uleule wa Sikudhani, na alikaa nacho kwa mume wake miaka yote ile. Jana, wakati ndugu za mume wakisimama uani kumtangazia kwamba nyumba yake imevunjika, ameachwa, yeye alikuwa amekipindua kiti miguu juu, anagonga kabari. Aliniambia hivyo mwenyewe leo alfajiri, kabla hajarudi kulala. Mimi ni mama yake, na roho iliniuma, sitawadanganya. Lakini niliposikia kwamba alizihesabu kabari zote kabla ya kufunga kamba, nilijua mwanangu yuko salama.

Kwa hiyo nendeni jikoni mkautoe mzigo ule kabla moto wa chakula cha mchana haujawashwa. Nawe Mbaruku, ile kabari uliyoiweka chini ya mlango wa choo, irudishe, nimekuona. Lete na kiatu changu kimoja, kile kigumu. Shangazi yenu akiamka atakisimamisha mwenyewe, msimsaidie, halafu mkiweke barazani, mbele kabisa.

Majirani wataanza kuja baada ya adhuhuri kumpa pole. Wamkute amekaa. Na wakiwauliza ninyi watoto kilichovunjika ni nini, msiwe na aibu, wala msiinamishe vichwa. Wajibuni wote kwa pamoja: kilichofunguliwa hakijavunjika.