Pimbi Auza Mkoromo wa Simba

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi zile Simba ana baraza na kila mnyama anatafuta cheo, Pimbi alikuwa mfagiaji wa baraza hilo. Mdogo kama paka, mkia hana. Lakini mdomo? Mdomo alikuwa nao!

Siku moja akapandishwa cheo, akawa mkuna mgongo wa Simba. Akakimbia nyumbani, tuku tuku tuku, kumpasha mkewe habari.

"Mashavu wee! Mumeo sasa ni mkubwa!"

"Na mshahara?"

"Umepanda! Zamani mfupa mmoja, sasa miwili!"

Mashavu akaweka mwiko chini. "Mume wangu, sisi tunakula majani. Tangu lini pimbi akala mfupa?"

Pimbi akajikuna sikio. Kwa Simba kila mtumishi hulipwa mifupa, na Simba haulizwi.

"Watoto wanalia njaa," Mashavu akasema. "Wenye mashamba ya viazi wanapita hapo barazani kila siku. Hawana kazi wakupe?"

Neno lile likamwingia. Asubuhi yake akamkuta Tembo nje ya boma la Simba, anatetemeka mpaka masikio yanapiga pata! pata! pata!

"Shikamoo, mzee Tembo. Mbona huingii?"

"Marahaba, mwanangu. Naogopa! Bwawa limebaki moja kiangazi hiki, nami nataka kuoga peke yangu asubuhi. Lakini nikimwona Simba, ulimi unaganda."

"Ah! Hilo tu? Mgongo wa Simba naujua upele kwa upele. Nitakunong'onezea. Ila mnong'onezi hali mifupa."

"Hula nini?"

"Viazi vitamu. Gunia la kuanzia na gunia la kumalizia."

"Nimekubali!"

Hajapiga hatua mbili, kichakani kukasikika, "Psii! Wee Pimbi!" Alikuwa Mama Kiboko, amejificha mwili mzima nyuma ya kijiti.

"Mwanangu, natoka malishoni alfajiri nimechoka, nakuta Tembo amenitibulia maji. Niombee, bwawa liwe langu asubuhi."

"Kwako, mama, mihogo itatosha."

Jamani, Pimbi huyu! Asubuhi ni moja, yeye kaiuza mara mbili.

Kesho yake mchana akaingia kwa Simba. Simba ameshiba, amelala chali, miguu juu.

"Mfalme..."

"KRRROOO!"

Pimbi akarudi nyuma. Kumwamsha Simba ni kujipeleka mezani mwenyewe. Na gunia la kuanzia watoto wameshalila! Akafikiri, akafikiri, kisha akatoka kimyakimya, akamleta Tembo nyuma ya ua.

"Tega sikio, mzee." Akanyanyua sauti kidogo, "Mfalme, Tembo aoge asubuhi?"

"KRRRAAAM!"

"Umesikia? Amesema naaam."

"Mbona kama mkoromo?"

"Ndiyo Kiswahili cha wafalme hicho. Nenda zako."

Tembo akaenda, mkonga juu kwa furaha. Akaletwa Mama Kiboko.

"Mfalme, Kiboko aoge asubuhi?"

"KRRRUUUK... saaa!"

"Ruksa hiyo, mama!"

Kulipopambazuka, Tembo akashuka bwawani huku, Mama Kiboko akashuka kule. CHUBWIII! Maji yakaruka, samaki wakanasa mitini, chura mmoja akaangukia kichwani mwa Twiga.

"Toka! Simba amenipa mimi!"

"Amekupa nani? Amenipa mimi!"

Wakatazamana. "PIMBI!"

Wakamkamata, wakamburuta hadi barazani. Pimbi akamfikiria Mashavu wake. Akawafikiria watoto. Leo wanabaki yatima.

Simba alikuwa macho, na uji alikuwa hajanywa. "Kelele gani hizi?"

Kwa hasira Tembo akasahau woga. "Mfalme, huyu tapeli! Ametuambia umesema, kumbe ulikuwa umelala!"

Hapo Pimbi akaona upenyo.

"Mfalme, hawa wanatangaza kwamba unakoroma."

Simba akainuka, manyoya wima. Hata nzi alitua.

"MIMI?" Simba akanguruma. "NANI KASEMA NAKOROMA?"

Ulimi wa Tembo ukaganda papo hapo. Mama Kiboko akaruka kuokoa roho yake. "La, Mfalme! Yalikuwa maneno! Tena matamu!"

"Maneno gani?"

"Kwangu ulisema ruksa."

"Na k-kwangu ulisema na-naam," akababaika Tembo.

Simba hakukumbuka hata moja. Lakini afadhali awe amesema kuliko awe amekoroma!

"Basi nilisema!" akafoka. "Mtaoga nyote asubuhi, mbanane humohumo." Pimbi akamrukia mgongoni, akamnong'oneza sikioni. "Na mnong'onezi mmemalizia haki yake?"

"Tunamalizia leo, Mfalme! Leo hii!"

Wakatoka mbio, wakapigana vikumbo mlangoni. Pimbi naye akawa ananyata kuondoka, mara Simba akamwita, sauti ya chinichini.

"Ee, Pimbi. Mke wangu naye anashikilia kwamba nakoroma. Huwezi kumnong'oneza kidogo?"

Pimbi akashika kidevu, akaguna. "Mmh! Kwa mke, Mfalme? Kazi hiyo ni ngumu. Kwanza tupatane malipo."

Wanangu, mimi nimefika mwisho, nanyi shikeni hili: anayeogopa kujisemea mwenyewe hulipia hata mkoromo.