Kwa Nini Kanga Hanyamazi

Semkiwa, weka jiwe hilo chini. Hao kanga wanaokukera kwa kelele wana sababu yao. Kaeni, nyote. Na hizo kunde zitajichambua zenyewe? Chambueni huku mnasikiliza.

Zamani, nyika hii ikiwa bado haijaonja jembe, kanga alikuwa ndege mkimya kupita wote. Mmoja wao alikuwa na vifaranga wasiotulia, hawa huku, wale kule, na mwewe juu anazunguka. Hofu ikamnyima raha. Akawafundisha neno moja tu: "Lala!" Akilitamka, kila mmoja anajibanza kwenye nyasi, hatikisiki. Mwewe akachoka kuzunguka, akaenda zake. Kanga akavimba kichwa.

Jirani yake Kwale akamwuliza, "Haya, kulala wanajua. Kukusanyika je?"

"Njaa itawakusanya, shoga yangu."

Njaa! Sikieni majibu ya mwenye kiburi.

Kiangazi kikaingia. Siku hiyo upepo ulikuwa hautulii mahali pamoja, na vifaranga walikuwa wametawanyika wakichakura. Mara moshi ukatanda, moto wa nyika huo unakuja. Kanga akapaza sauti kwa neno pekee alilokuwa nalo: "Lala! Lala!" Masikini ya Mungu, wakatii. Kila alivyozidi kuita, ndivyo walivyozidi kujibanza.

Akakimbia huku na huku, akiwapita bila kuwaona, maana alikuwa amewafundisha vizuri. Kwa uchungu sauti ikampasuka: "Karaka! Karaka!" Halikuwa neno lolote. Lakini vifaranga hawakuwahi kumsikia mama yao akilia hivyo; wakainua vichwa, wakamkimbilia. Akawapeleka juu ya jabali tupu, akiita njia nzima.

Moto ulipopita, akawatazama. Kitindamimba hakuwepo. Na yule ndiye aliyekuwa mtiifu kuliko wote.

Na tangu siku hiyo kanga hutembea kwa kundi, na hanyamazi. Hata wanawe wakiwa miguuni pake ataita, atageuka nyuma, ataita tena.

Kwa hiyo jioni nikiita majina yenu, na huku nawaona mmekaa hapo hapo, msinicheke. Na mkisikia nimezidisha jina moja, itikeni tu.