Kiboko Aliyetaka Nakala ya Kila Barua

Natuma!
— Twapokea!
Imefika?
— Imefika nusu!
Nusu ya pili iko wapi?
— Imemezwa!
Nani kaimeza?
— Mtaje wewe, sisi bado tuna kazi!

Haya, nitamtaja. Sogeeni, na mwenye simu aizime.

Hapo kale wanyama walikuwa na kila walicho nacho watu: mkurugenzi, katibu, mihuri, mikutano ya kupanga mikutano, na barua pepe. Ukaja mwaka wa kiangazi kibaya. Mito ikakauka, visima vikatoa vumbi, likabaki bwawa moja. Wanyama wakalishukia wote kwa pamoja, wakalikanyaga hadi likawa uji wa tope. Ndipo wakakubaliana kunywa kwa zamu. Kila asubuhi Ofisi ya Maji itume barua pepe kwa wenye zamu ya siku hiyo. Mwenye barua ashuke bwawani, asiye na barua angoje siku yake.

Lilikuwa jambo jema. Lakini jambo jema likishapata mkurugenzi huanza kuumwa, na hili lilimpata Kiboko. Alipewa cheo hicho kwa sababu tayari alikuwa ndani ya maji, na kumtoa kungeleta usumbufu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kubandika tangazo getini: HAKUNA BARUA, HAKUNA MAJI. SHERIA HII HAINA MKUBWA WALA MDOGO. Kazi ya pili ilikuwa kumweka Ngiri hapo getini, Ngiri ambaye hata kula hula amepiga magoti. Kazi ya tatu hatujaisikia mpaka leo.

Masanduku ya barua ya nchi nzima yalitunzwa na Pimbi. Pimbi alikuwa mnyama mdogo, mnene kidogo, mwenye hasira nyingi. Mashine ya kuhifadhia barua aliiweka juu ya jabali, mahali mtandao unapokamata, na yeye akalala pembeni yake. Kazi yake ilikuwa ya aina ile ambayo ikienda vizuri hakuna ajuaye kwamba upo, na ikiharibika hakuna asiyejua jina lako. Kila mnyama alikuwa na sanduku lake ndani ya mashine hiyo, na masanduku yote yaligawana nafasi moja, kama nyumba yenye watoto wengi inavyogawana chungu kimoja.

Siku moja sanduku la Kiboko likajaa. Lilijaa picha zake: akifungua warsha, akifunga warsha, akisinzia katikati ya warsha. Akamwita Pimbi. Akapanua kinywa, aaaaah!

"Ongeza!"

"Mheshimiwa, futa kwanza za zamani," Pimbi akamshauri.

"Mkubwa hafuti! Ongeza!"

Pimbi akasaga meno, kwere kwere kwere, akapunguza sanduku la Nyani, akamwongezea Kiboko.

Haukupita muda, likajaa tena. Kiboko akapanua kinywa, aaaaah!

"Ongeza!"

"Mheshimiwa, hizi picha za warsha moja, zote zinafanana."

"Katika hii ninatazama kushoto! Ongeza!"

Pimbi akasaga meno, kwere kwere kwere, akapunguza sanduku la Twiga, akamwongezea Kiboko.

Likajaa tena. Kinywa kikapanuliwa, aaaaah!

"Ongeza!"

"Mheshimiwa, aliyebaki na nafasi ni Mama Kuro peke yake."

"Kuro ni nani?"

"Ni swala, Mheshimiwa. Yule asiyeweza kuishi mbali na maji. Ana ndama mchanga."

"Ndama ana barua gani za kutunza? Ongeza!"

Pimbi akasaga meno mpaka jino likauma, akakata. Hakuwa na namna. Kiboko alikuwa amejiwekea utaratibu kwamba hakuna badiliko katika masanduku bila idhini yake, na anayekwenda kinyume atoke kazini aingie mpwa wa Kiboko, ambaye alikuwa amesomea mambo hayo kwa kuyasikia.

Sasa sikilizeni balaa lilikotokea. Barua ya zamu ilikuwa na maneno machache tu: "Shuka leo unywe." Lakini juu ya maneno hayo Kiboko alikuwa ameagiza ibandikwe picha yake akitabasamu, na picha hiyo ilikuwa nzito kama yeye mwenyewe. Sanduku la Mama Kuro lilikuwa limebaki dogo mno. Hata likiwa tupu, tabasamu la Mkurugenzi halikuenea. Barua ikaja, ikagonga, ikarudi ilikotoka. Maneno yangeingia. Ni meno yaliyokwama.

Mama Kuro akashuka getini na ndama wake.

"Barua iko wapi?" Ngiri akauliza, magoti chini.

"Haikuingia, kaka Ngiri. Lakini leo ni siku yangu, na wewe wajua."

"Mimi najua. Ofisi haijui."

"Basi mwangalie huyu mtoto."

Miguu ya ndama ilikuwa ikigongana, na ulimi wake umekauka kama gome. Ngiri hakumwangalia. Ukimwangalia mtoto wa mwenzio machoni, sheria hupungua nguvu, na Ngiri alilijua hilo.

"Njoo na barua, mama."

Zamu yake ilipozunguka tena, akashuka tena, akarudishwa tena. Ndipo akapanda jabali kwa Pimbi. Ndama alimwacha kivulini, kwa kuwa hakuweza tena kupanda.

"Sikuja kugombana, mdogo wangu," akasema.

"Gombana, dada. Mkono uliokata ni huu hapa."

"Nikikutukana, mwanangu atakunywa matusi? Nataka kujua jambo moja. Zamu yangu nyingine ni kesho. Barua itaingia?"

Pimbi akatazama mashine yake. "Haitaingia."

"Basi kesho hatasimama," akasema Mama Kuro, akageuka, akashuka taratibu kama mtu aliyebeba maji kichwani, naye hakuwa na hata tone.

Hasira ilimpanda Pimbi mpaka manyoya yakasimama. Alishuka jabali mbio, tititititi, hadi bwawani. Kiboko alikuwa amezama, pua tu juu.

"Mheshimiwa, ndama wa Kuro anakufa kwa kiu."

"Hong! Hong! Andika barua."

"Nimeandika. Nimeandika mara nyingi, nimechoka."

"Na nikakujibu."

"Ulinijibu, 'Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa.'"

"Waona? Inashughulikiwa!" Kiboko akatikisa masikio kwa furaha. "Hilo jibu linakwenda lenyewe, Pimbi. Barua ikiingia tu, jibu limeshatoka, na picha yangu juu. Mimi hata sisomi. Huo ndio uongozi."

Pimbi alifungua mdomo amtukane. Kisha akaufunga. Akamtazama Kiboko kwa muda, kama mpishi anavyoitazama nyama ngumu akiwaza sufuria gani itaitosha. Sauti yake ilipotoka ilikuwa laini kama samli.

"Kweli, Mheshimiwa, wewe ni kiongozi. Ndiyo maana inaniuma kuona barua zinapita nchini humu bila wewe kuziona."

Kiboko akatoa kichwa chote nje. "Barua zipi?"

"Nyani anamwandikia Nyani. Twiga anamwandikia Twiga. Wanaandikiana nini, mimi sijui. Mimi ni mtunza masanduku tu."

"Wananisema!"

"Sikusema hivyo, Mheshimiwa."

"Wananisema! Nataka nakala! Nakala ya kila barua itakayotumwa katika nchi hii, ije kwangu!"

"Ya kila barua? Na zako mwenyewe pia?"

"Zangu ndizo za kwanza! Nani aandikaye vizuri kuliko mimi?"

"Na kila itakayoingia ijibiwe?"

"Kila itakayoingia! Mkubwa hakai kimya."

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, kwa kuwa alikuwa mtu wa kazi yake na ushauri ulikuwa sehemu ya kazi, "ningekushauri usi..."

"Nimekuomba ushauri? Nimekuamuru! Idhini hii hapa. Katii!"

"Nakwenda kutii," akasema Pimbi. Akapanda jabali, akatii. Hakuongeza nukta wala hakupunguza.

Asubuhi, kabla barua za zamu hazijatoka, Pimbi akamwandikia Kiboko barua moja fupi yenye adabu: "Shikamoo, Mheshimiwa."

Ting!

Barua ikaingia kwa Kiboko. Jibu likatoka lenyewe: imepokelewa na inashughulikiwa. Lakini jibu nalo ni barua, na nakala ya kila barua huenda kwa nani? Kwa Kiboko. Ting! Nakala ikaingia. Barua imeingia, basi ijibiwe. Kiboko akamjibu aliyeiandika, ambaye ni Kiboko: imepokelewa na inashughulikiwa. Ting! Jibu hilo nalo ni barua. Ting! Ting! Ting! Na kila moja ilikuja na tabasamu lake zito.

"Hong!" Kiboko akaamka. "Leo nimeandikiwa sana! Ngiri, kuna nini?"

Ngiri akaja mbio, akapiga magoti, akasoma. "Wanasema, 'Barua yako imepokelewa na inashughulikiwa.'"

"Muungwana gani huyo, anayejibu upesi hivyo?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Anajua kuandika! Mjibu."

"Umeshamjibu, Mheshimiwa."

"Naye amesemaje?"

"Anashughulikia."

Ting! Ting! Ting! Ting! Kiboko akazama asisikie, ting! Akaibuka, ting! Akaziba sikio hili, ikaingia kwa lile. Samaki wakahamia upande ule wa bwawa. Barua zikaingia, zikaingia, zikaingia, mpaka lile sanduku lililomeza la Nyani, na la Twiga, na la Kuro, likatoa sauti ya mwisho: ting... gbu! Kimya.

Limejaa.

Hapo ndipo barua za zamu zilipotoka. Kiboko alikuwa na desturi ya kujitumia ya kwake kila asubuhi, kwa kuwa alipenda kuliona jina lake liko juu. Barua ikaenda, ikagonga, ikarudi. Ngiri akaona. Akasogea ukingoni kwa magoti.

"Mheshimiwa, barua yako ya leo imerudi. Sanduku limejaa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huna barua."

"Kwa hiyo?"

Ngiri akageuka kulitazama geti. Maskini, hakuwa mtovu wa adabu. Alikuwa tu mtumishi aliyefundishwa swali moja, na swali hilo halikuwa na mlango wa nyuma.

"Tangazo liko getini, Mheshimiwa. Hakuna barua, hakuna maji."

"Mimi ndiye niliyeliandika!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Umeliandika vizuri mno."

Wanyama waliokuwa getini wakasikia. Nyani akaparamia nguzo. "Someni mstari wa pili! Haina mkubwa wala mdogo! Atoke, babu! Atoke tumwone miguu!" Twiga, ambaye hapendi fujo, akasema polepole kutoka juu, "Sheria ni sheria, Mheshimiwa." Wote wakaanza kukanyaga ardhi, ndu, ndu, ndu: "Barua iko wapi? Barua iko wapi?"

Kiboko akatoka. Akasema anakwenda kukagua mtandao.

Jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, na ngozi ya Kiboko haikuumbiwa jua. Alipofika juu ya jabali alikuwa anapasuka kama udongo.

"Pimbi! Futa!"

"Mheshimiwa, kufuta kunahitaji idhini yako."

"Nimetoa!"

"Kwa mdomo. Ofisi haiutambui mdomo. Andika barua."

Kiboko akaandika kwa haraka. Lakini kila barua ya Kiboko hupita kwanza sandukuni mwake; ikagonga sanduku lililojaa, ikarudi. Akaandika tena. Ikarudi tena.

"Nakufa kwa jua, Pimbi! Mwangalie mkubwa wako!"

Pimbi akamwangalia. Alimwangalia sana, kuanzia kichwani hadi miguuni, kwa niaba ya wote ambao hawakuangaliwa. Kisha akaisogeza mashine mbele yake.

"Bonyeza hapa, mwenyewe, ndiyo idhini. Kwanza, ulichochukua kwa Nyani kirudi kwa Nyani. Cha Twiga kwa Twiga. Cha Kuro kwa Kuro. Pili, picha yako itoke juu ya barua za zamu."

"Picha? Sasa watajuaje maji yametoka kwa nani?"

"Yametoka kwa mvua, Mheshimiwa! Bonyeza!" Sauti ya Pimbi ikapasuka, ikaenda ikagonga jabali la pili ikarudi, na huo ukawa ukali wote aliokuwa ameukunja kwa miezi. "Bonyeza, au ubaki hapa ukauke kama alivyokaushwa mtoto wa mwenzio!"

Kiboko akainamisha pua, akabonyeza. Matabasamu yake yote yakafutika. Sanduku lake likarudi kuwa sawa na la kila mtu.

Chini kule, barua ya Mama Kuro ikatumwa upya, nyepesi, maneno matupu. Ikaingia. Mama Kuro alikuwa tayari amefika getini, akimsukuma ndama kwa paji la uso, hatua kwa hatua.

"Barua iko wapi?" akauliza Ngiri.

"Hii."

Ngiri akaisoma. Akaisoma tena, kwa mazoea. "Pita, mama."

Ndama alianguka ukingoni, mdomo ukatangulia majini. Gudu. Kimya. Mama yake akamsukuma tena kwa paji la uso. Gudu, gudu. Kisha gudu gudu gudu gudu, mpaka tumbo likawa ngoma. Akasimama, akayumba, akasimama sawasawa.

Mama Kuro alipopita getini akirudi, akamtazama Ngiri. "Inuka basi, kaka. Mkubwa hayupo."

"Nimezoea hivi," akasema Ngiri.

Kesho yake Ofisi ya Maji ikatoa taarifa kwa umma. Ilisema kulikuwa na hitilafu ndogo ya mtandao, na Mheshimiwa aliitatua mwenyewe, tena chini ya jua kali. Kwa moyo huo akapewa cheti, na ikafanyika warsha ya kumkabidhi. Pimbi akapewa onyo kali kwa kutuma salamu binafsi saa za kazi. Ndama wa Kuro hakutajwa popote.

Basi funzo la hadithi hii, ninyi mnaotunza masanduku ya barua ya wenzenu, ni kwamba msiwe wajanja. Ujanja hauna faida, mmejionea. Mkubwa akiwaamuru, mtiini neno kwa neno, hata aliposahau kufikiri, hasa hapo. Ushauri mpeni mmoja tu, asije akazoea. Na mambo yakiharibika, semeni ni mtandao. Mtandao hauna mama wa kuulilia, wala hauna ndama.

Nimefika ukingoni, nami nina kiu. Aliyeipenda hadithi aibebe aende nayo. Aliyechukia ainuke aseme ni nani aliyemfikiria, tumjue.