Kijaa cha Lubaba na Sauti ya Adhana

Wamesimulia wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mdogo wa Suhayla, nyuma ya milima ya Yemen, aliishi mjane mcha Mungu aliyeitwa Lubaba binti Harith. Mwanawe wa pekee alikuwa amesafiri na msafara wa ngamia, akamwachia mama yake mke wake Sabiha na watoto wao wadogo. Lubaba alikuwa mtu wa msimamo. Akishaamua jambo humgeuzi, hata ukaja na mji mzima nyuma yako.

Basi alikuja mtu katika mji huo akajenga kinu cha maji kando ya kijito. Unapeleka mtama asubuhi, adhuhuri unarudi na unga. Wanawake walishukuru, na ilikuwa haki yao, maana kusaga kwa mkono kunavunja mgongo. Haukupita muda kila nyumba ikatupa kijaa chake, yaani yale mawe mawili ya kusagia, la juu likizungushwa kwa mpini juu ya la chini. Mawe yenyewe wakayafanya vizingiti vya milango na vibao vya kufulia. Mavuno yakitoka shambani yanasagwa yote kwa mkupuo mmoja, na unga unajazwa mitungini.

Lubaba peke yake alikataa. Kila mavuno alitenga sehemu ya mtama wake, akauanika mpaka punje ikatike kwa kishindo chini ya jino, akauchanganya na majivu, akaushusha katika shimo lililotandikwa majani makavu ndani ya nyumba yake. Kabla ya kuliziba kwa udongo alikuwa akiinua mikono na kusema, "Ya Rabbi, hii ni akiba ya siku mbaya. Ni yangu, na ni ya yule ambaye siku mbaya itamleta mlangoni kwangu. Nimekuahidi." Na kijaa chake hakukitupa.

Watu walimcheka sana. Aliyemcheka kuliko wote ni jirani yake Nuzha, mwanamke mwenye ulimi mwepesi, ambaye ukuta wa nyumba yake na wa Lubaba ulikuwa mmoja. "Dada Lubaba," alimwambia siku moja kisimani mbele ya watu, "unamwekea Mola akiba asije akasahau kukuruzuku?" Wote wakaangua kicheko. Lubaba akajitwika mtungi wake akaenda zake, na mwaka uliofuata akaongeza mtama shimoni.

Kisha mvua ikakata. Mwaka wa kwanza watu walikula unga wa mitungini, ule ambao haukuingiwa na fukusi wala kuwa mchungu. Mwaka wa pili kijito kikakauka, kinu cha maji kikasimama, na mitungi ikabaki kupigwa na upepo. Watu wakaanza kuchemsha majani. Hapo ndipo walipokumbuka lile shimo.

"Sabiha," waliuliza wanawake, "mama mkwe wako si alikuwa na akiba?"

"Ilikwisha siku nyingi," akajibu Sabiha.

Lubaba alikuwa nyuma ya mlango. Alisikia yote. Walipoondoka akamwambia mkwewe, "Mwanangu, umesema uongo."

"Mama, watazame watoto hawa," akasema Sabiha huku akilia. "Mtama uliomo unawafikisha kwenye mvua. Ukigawiwa mji mzima hautamaliza hata mwezi. Nani atakayewazika wanangu, ni hao wanaouliza?"

Lubaba akawatazama wajukuu zake, mbavu zao zikihesabika, naye akauacha uongo ule usimame. Tusimhukumu haraka, enyi ndugu zangu. Kila mmoja wetu ana mtoto ambaye kwa ajili yake yu tayari kuziba masikio.

Ikabaki shida moja. Mtama mzima hauliki mpaka usagwe, na kijaa kinanguruma. Jiwe likizunguka, nyumba ya pili inajua. Lubaba akafikiri, na shetani naye hakuwa mbali. Nyumba yao ilikuwa karibu na msikiti, na muadhini, Mzee Dhakwan, alikuwa na sauti ya kutikisa milango. Basi kila alipoadhini, Lubaba alikaa chini, akatia konzi ya mtama katika kijaa, akasaga kwa haraka. Adhana ikimalizika, naye ameshatoa mkono. Mwanamke aliyekuwa haachi kuitikia adhana tangu ubaleghe wake, sasa wito wa Mola wake akaufanya kifuniko cha jiwe lake.

Siku moja Nuzha alibisha hodi. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani. Hakuomba unga. Alisema kwa upole, "Dada yangu, kama una wishwa, maganda ya mtama yaliyobaki, nipe nimpelekee mbuzi wangu."

Lubaba akampa wishwa katika kitambaa, naye Nuzha akashukuru akaondoka. Mlango ulipofungwa ndipo Lubaba alipokumbuka. Mbuzi wa Nuzha alikuwa amekufa zamani, na mji mzima ulikuwa ukijua.

Kesho yake, alasiri, Mzee Dhakwan akapanda kuadhini. Lubaba akatia mtama, akaanza kuzungusha jiwe. Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba kwa njaa, lakini ilipanda. Akafika penye "Hayya alal-falah", njooni kwenye kufaulu, na sauti ikakatika. Alikuwa ameanguka kwa udhaifu. Lubaba akaushika mpini, jiwe likasimama papo hapo, na akaona hakuna aliyesikia. Alikuwa salama. Angeweza kungoja adhana nyingine.

Akainuka. "Sabiha," alisema, "nishikie upande wa pili."

"Tunakipeleka wapi, mama?"

"Nje."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa Mwenyezi Mungu kabla ya kuwa wangu. Nilimwahidi, mwanangu. Shika jiwe."

Wakakitoa kijaa mpaka mlangoni, mbele ya njia. Lubaba akakaa chini, akasaga kwa nguvu zake zote, mpaka mngurumo ukasikika mji mzima. Uji wa kwanza ukaenda kwa Mzee Dhakwan. Watu wakaja, na kila mmoja akapewa haki yake ya punje kwa konzi, naye akasaga mwenyewe.

Mtama haukutosha, kama Sabiha alivyosema. Lakini mlio wa jiwe ulifika mahali pengine pia. Kumbe nyumba nyingi zilikuwa na mbegu zilizofichwa, dengu hapa, shayiri pale, kila mmoja akimficha mwenzake, na hakuna aliyekuwa na jiwe la kuzisagia. Sasa wakazileta, huyu kwa aibu, yule kwa machozi. Wakala kidogo kidogo kwa pamoja, na wakaacha za kupanda, mpaka Mwenyezi Mungu akaleta mvua.

Siku ile ya kwanza, watu walipopungua mlangoni, Lubaba alimshika Nuzha mkono. "Nisamehe," alimwambia. "Nilikuwa nacho, nikakunyima."

"Nilijua," akajibu Nuzha. "Ukuta wetu ni mmoja. Nililisikia jiwe tangu adhana ya kwanza."

Lubaba akashangaa. "Na hukumwambia mtu? Na njaa hii?"

"Nimwambie nani, nikufedheheshe? Kila uliposaga, mimi nilikuwa nikikuombea dua ukutani, Mola akufungue moyo."

Lubaba alilia siku hiyo kuliko alivyolia siku ya kumzika mumewe.

Enyi ndugu, wekeni akiba, wala msimsikilize anayewacheka. Lakini tukumbuke kuwa mjini Suhayla mmoja alihifadhi nafaka, na mwingine, akiwa na njaa, alihifadhi heshima ya jirani yake. Mwenyezi Mungu awalipe wote wawili, na atujaalie kukitoa tulichokiweka kwa ajili yake. Amin.